Kabla ya Kulala: Maji ya Moto, Daftari, Uradi au Baraza?

Mama anayeshuka daladala Mbagala saa moja usiku akitokea kazini mjini hajamaliza siku yake. Moto haujawashwa, mboga hazijachambuliwa, watoto hawajaoga, sare za shule zinapaswa kufuliwa mapema ziwahi kukauka, na madaftari yanasubiri kukaguliwa. Mpaka sahani ya mwisho ifunikwe, saa nne imekaribia, na saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe macho. Hapo ndipo anapojilaza na kukutana na jambo ambalo akina mama wengi hulieleza kwa maneno yaleyale: mwili umechoka, lakini usingizi hauji.

Makala haya yanalinganisha njia nne za kuituliza jioni kwa ajili ya mama wa namna hiyo: kuoga maji ya moto, kuandika daftari la kesho, kuleta uradi (maneno mafupi ya kumtaja Mungu yanayorudiwarudiwa) au kusali, na kukaa barazani na mwenzake. Nimezichagua hizi kwa sababu zote zinawezekana katika nyumba ya kupanga ya chumba na sebule. Njia ya tano, ambayo wengi wetu tunaitumia tayari, ni kuperuzi simu kitandani. Hiyo sikuiweka katika mizani kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba haina mahali pa kuishia: aliyeishika simu saa nne kwa ajili ya kuangalia ujumbe mmoja anajua mwenyewe aliiweka chini saa ngapi.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni dakika. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na anayeamka saa kumi na moja alfajiri hana budi awe ameshalala ifikapo saa nne usiku. Hesabu hiyo peke yake inafuta utaratibu wowote unaodai saa nzima. Cha pili ni gharama, ikiwemo mkaa, gesi, maji ya kununua kwa ndoo na bando la simu. Cha tatu ni faragha, maana nyumba yenye wapangaji sita na bafu moja la uani ina sheria zake.

Kigezo cha nne ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote: njia hiyo inagusa uchovu gani? Kuna uchovu wa mwili, ule wa miguu iliyovimba na kiuno kinachouma. Kuna uchovu wa kichwa, ambapo mama ndiye anayekumbuka kwa niaba ya nyumba nzima kwamba gesi inakaribia kwisha na kwamba mtoto wa darasa la tatu ameagizwa manila shuleni. Kuna moyo mzito, na kuna upweke. Vyote vinne huitwa "kuchoka" kwa Kiswahili cha kila siku, na kwa hiyo mara nyingi mtu hushauriwa kukanda miguu ilhali kilichojaa ni kichwa.

Cha mwisho ni usiku mbovu: umeme umekatika, mtoto ana homa, mgeni amelala sebuleni. Utaratibu usiostahimili usiku wa aina hiyo hautadumu zaidi ya wiki mbili, kwa sababu katika nyumba yenye watoto usiku wa aina hiyo si jambo la nadra.

Maji ya moto

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walizikusanya na kuzichambua tafiti nyingi zilizotangulia kuhusu kuoga maji ya moto kabla ya kulala. Waliona kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 42.5 za Selsiasi, yakitumika saa moja au mbili kabla ya kulala, hata kwa dakika 10 tu, humfanya mtu apate usingizi haraka zaidi kwa wastani wa dakika 10 hivi. Sababu yake inaweza kuonekana kama kinyume: maji hayo hayamlazi mtu kwa kumpasha joto, bali kwa kumpoza. Damu huvutwa kwenye ngozi, hasa ya viganja na nyayo, joto la ndani hutoka kupitia hapo, na kushuka kwa joto la ndani ndiko kunakouambia mwili kwamba wakati wa kulala umefika.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mpangilio wa jioni zetu. Desturi ya nyumba nyingi ni kwamba mama huoga wa mwisho, baada ya vyombo, kisha anaingia kitandani papo hapo akiwa bado na joto. Anayelala saa nne angefaidika zaidi kama angeoga kati ya saa mbili na saa tatu, yaani mara tu baada ya kuwaogesha watoto, na vyombo vikafuata. Haiongezi dakika hata moja kwenye kazi. Inabadilisha zamu tu.

Kipimajoto si lazima. Lita 3 za maji yaliyochemka, zikichanganywa na lita 12 za maji ya bomba ya Dar es Salaam, hutoa ndoo ya nyuzi 40 hivi, na hayo ndiyo maji ambayo mkono unaingia bila kusitasita lakini unayahisi. Maji ya baridi yatangulie ndoo, ya moto yafuate, na sufuria isiachwe chini hata kwa dakika moja mahali panapopita mtoto. Kwa anayepikia mkaa, gharama ni karibu na bure, kwani makaa yanayobaki baada ya kusonga ugali yanatosha kuchemsha sufuria hiyo. Ila jiko hilo lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala hata kama nje kuna mvua, kwa sababu hewa yake huua watu usingizini. Anayetumia gesi ataihesabu kila dakika ya moto, na anayenunua maji kwa ndoo atafikiri mara mbili. Kwake beseni la kuloweka miguu hadi kwenye vifundo linatosha, kwa kuwa kazi yenyewe hufanywa zaidi na nyayo na viganja.

Faragha ndipo njia hii inapokwama. Katika bafu la pamoja lenye foleni, dakika 10 za utulivu zinaweza kugeuka dakika 10 za kugongewa mlango. Kwa habari ya usiku mbovu, haiathiriki sana na giza, lakini mgao wa maji huivunja kabisa. Inamfaa zaidi aliyechoka mwili: muuza genge aliyesimama tangu alfajiri, muuguzi, mshonaji, mama lishe. Inafaa zaidi pia Lushoto, Njombe au Limuru mwezi wa Juni kuliko Dar es Salaam mwezi wa Februari, wakati ambapo mtu hutoka bafuni akitokwa na jasho upya. Mjamzito na atumie maji ya vuguvugu tu.

Daftari la kesho

Njia hii ndiyo fupi kuliko zote. Kinachohitajika ni daftari la shule la kurasa chache, kalamu na dakika 5, na kinachoandikwa si habari za siku iliyopita wala hisia za moyoni, bali mambo ya kesho, moja baada ya jingine, kwa undani.

Undani huo ndio ufunguo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, nao wa Texas, waliwalaza maabara vijana 57. Nusu waliandika kwa dakika 5 mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata, na nusu wakaandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema zaidi kwa dakika 9 hivi, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyowahi kulala. Wale walikuwa vijana wasio na mtoto anayelia chumba cha pili, kwa hiyo dakika 9 zisichukuliwe kama ahadi. Hata hivyo, jambo lililoonekana pale linaeleweka na yeyote aliyewahi kuamka usiku wa manane akikumbuka kwamba hajamlipa dereva wa basi la shule: kichwa hurudiarudia jambo kwa kuogopa kulisahau, na jambo likishakuwa na mahali pake pa kukaa, kichwa huliachia.

Tofauti iko hivi. Mama anayeandika "shule, hela, mboga" ameandika wasiwasi wake tu. Anayeandika "Sketi ya Neema bado mbichi, niipige pasi saa kumi na moja na nusu; elfu mbili ya manila ipo ndani ya kikombe cha juu ya kabati; maharage yaloweke usiku huu; kikoba ni Ijumaa, nimebakiza elfu tano" amekwisha kuamua, na hakuna tena cha kuzungusha kichwani.

Gharama yake ni ndogo mno. Faragha ni suala la nani atalisoma: likiwa na majukumu tu, hata mume akilifungua hakuna neno, na pengine ingekuwa heri alifungue. Usiku mbovu haliathiri sana, kwa kuwa tochi ya simu inatosha, ingawa mama mwenye mtoto mikononi ataandika kwa taabu. Linamfaa aliyechoka kichwa. Halimfai ambaye kila anachokiandika humkumbusha deni lisilolipika, kwani kwake orodha huwa ndefu kila anapoitazama, na halimfai asiyeona raha kushika kalamu. Huyo anaweza kuyasema mambo yaleyale kwa sauti na kuyarekodi, mradi asihamie kwenye kuperuzi baada ya hapo.

Uradi na sala

Kuna hadithi inayofahamika sana katika nyumba za Waislamu wa pwani, na sijui hadithi inayomhusu mama aliyeelemewa zaidi ya hii. Bibi Fatuma, binti wa Mtume, mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusaga nafaka kwa jiwe, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume akawaendea yeye na mumewe, Ali, usiku walipokuwa wamekwisha kulala, akawafundisha kwamba waingiapo kitandani waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Wapo waume wanaoipenda hadithi hii kwa sababu mtumishi hakutolewa. Wasisahau kwamba Ali naye alifundishwa maneno hayo, usiku huohuo.

Mia moja hiyo huchukua dakika 3 hadi 5 isiposomwa mbiombio. Kwa Wakatoliki, makumi matano ya rozari huchukua dakika 15 hadi 20, na wengi usiku hutosheka na kumi moja. Anayemwomba Mungu kwa maneno yake mwenyewe, au kuimba pambio taratibu huku akikunja nguo, yumo humuhumu. Gharama haipo, na tasbihi ya shanga si sharti, kwa kuwa vidole vipo.

Pamoja na imani, kuna jambo linalotokea katika pumzi. Mwaka 2001 madaktari wa Italia waliwapima watu wazima 23 wenye afya walipokuwa wakisali "Salamu Maria" kwa Kilatini. Waliona kwamba sala ile, kwa urefu na mwendo wake, huipunguza pumzi hadi mara 6 hivi kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mdundo huo. Pumzi ya namna hiyo ndiyo ileile ambayo wakufunzi wa kutuliza msongo huwafundisha watu kwa ada. Ndiyo maana mwendo una uzito: uradi unaokimbizwa ili umalizike unabaki na thawabu yake kwa Mwenyezi Mungu, lakini pumzi haiutambui.

Kwa upande wa usiku mbovu, hakuna njia inayoufikia ustahimilivu wake. Inafanyika gizani, mtoto akiwa kwenye ziwa, mgeni akiwa sebuleni, wodini kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwanamke aliye katika hedhi au nifasi (damu ya baada ya kujifungua), ambaye haswali, hazuiwi kuleta uradi na kuomba dua, jambo ambalo baadhi ya wasichana hukua bila kulijua na hivyo kuikosa faraja hiyo wakati wanapoihitaji zaidi. Inamfaa mwenye moyo mzito, aliyefiwa, anayesubiri majibu ya hospitali. Haimfai, au tuseme haimtulizi, mama ambaye ameigeuza kuwa kipimo cha wema wake, akakosa siku mbili na kulala akijilaumu. Kwake imekuwa kazi nyingine juu ya kazi. Asiye mtu wa sala asilazimishwe: dakika 5 za kutoa pumzi ndefu, akihesabu taratibu, zinampa lile la mwili.

Baraza

Njia tatu zilizotangulia ni za mtu peke yake. Hii inahitaji mtu wa pili, na hapo ndipo penye nguvu yake na matatizo yake.

Ione jioni hii. Mmoja ameketi kwenye mkeka, kichwa kimeegemea magoti ya mwenzake aliye kwenye kigoda, chanuo linagawa nywele, mafuta ya nazi yako kwenye kifuniko cha kopo, na watoto wanacheza ndani ya mwanga wa taa ya uani. Wawili hawa hawatazamani. Mambo ambayo mtu hawezi kuyasema uso kwa uso, kwamba mwezi huu amekopa, kwamba mume hasemi naye, kwamba kuna siku anamchukia mtoto wake kwa dakika moja kisha anajichukia yeye, huyasema akiwa amempa mwenzake kisogo. Nywele zikiisha kusukwa, mtu ameguswa kichwa kwa upole kwa nusu saa, na hiyo peke yake, kwa mama anayewagusa wengine kutwa nzima, si jambo dogo.

Nguvu ya mazungumzo ya namna hii ilichukuliwa kwa uzito huko Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Kwa Kishona walisema wanashughulikia *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba walioketi na bibi hao walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Bibi wale wamefundishwa, na mazungumzo yao yana utaratibu. Baraza la uani si zahanati. Lakini kuna la kuiga: wao hushughulikia tatizo moja kwa wakati, na mwenye tatizo ndiye anayelitafutia njia huku msikilizaji akiuliza tu. Jirani anayesikiliza hivyo ana thamani kuliko jirani mwenye ushauri mwingi.

Dakika ndizo hasara ya kwanza, kwa kuwa baraza halina kengele, na lililoanza saa mbili linaweza kumaliza saa nne na nusu. Pili ni siri: neno lililosemwa uani leo linaweza kusikika kisimani kesho, na aliyewahi kuumizwa hivyo hawezi kutulia tena pale. Tatu ni chai. Nusu ya kafeini ya kikombe cha saa mbili inaweza kuwa bado mwilini saa saba za usiku, kwa hiyo mwenye kuketi barazani na aombe mchaichai mtupu au tangawizi bila majani ya chai. Baraza linamfaa mpweke, aliyeolewa mbali na kwao, mjane, na mama anayelea peke yake. Kwa mama anayefanya kazi za ndani Muscat huku watoto wakilelewa na bibi Tanga, baraza ni simu ya sauti kwa dada yake, na bando ndiyo gharama. Mwalimu aliyeongea na wanafunzi 90 tangu asubuhi huenda asihitaji hata neno moja zaidi.

Kuchagua kwa hali yako

Mama anayelala akiwaza ratiba aanze na daftari, na ajipe wiki mbili kabla ya kulihukumu. Anayelala akiwa na maumivu ya miguu aanze na ndoo ya saa mbili na nusu. Mwenye mtoto mchanga hana saa ya kulala inayojulikana, na kwake uradi au pumzi wakati wa kunyonyesha ndiyo njia pekee kati ya nne isiyotegemea saa. Anayefanya zamu za usiku hospitalini au kiwandani ahesabu kuanzia saa anayolala, hata kama ni saa tatu asubuhi, na maji ya moto yatamfanyia kazi ileile. Ambaye hajazungumza na mtu mzima mwenzake kwa siku nzima asijifungie na daftari. Atafute mkeka wa jirani, mara mbili kwa wiki, na aage mapema.

Mbili zinaweza kuambatana, kwa mfano daftari kisha uradi, ambazo kwa pamoja hazizidi dakika 10. Nne kwa pamoja ni mzigo mpya.

Ipo hali ambayo hakuna kati ya hizi inayoitosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mama ambaye kwa wiki mbili mfululizo hana furaha na chochote, au hawezi kulala hata mtoto anapolala, au anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, alieleze jambo hilo kliniki anakompeleka mtoto kupimwa uzito, na kwa mawazo ya kudhuru aende siku hiyohiyo, akisindikizwa.

Na mwenye mume, mdogo wake, au kijana wa miaka 12 ndani ya nyumba aanzie hapo kabla ya kuchagua lolote: vyombo vya usiku vikioshwa na mkono mwingine, dakika 20 za maji ya moto zimekwisha kupatikana.